Betri ya Pili ya Ta Fortunati

Nawaona mnavyofunga betri mbili siku hizi. Kijana anakuja na kiboksi cheusi kisichozidi pakiti ya majani ya chai, anaunga nyaya tatu, anafuta mikono, anauliza chai iko wapi. Betri ya mbele inawasha injini, ya nyuma inaendesha friji na taa na redio, na kile kiboksi chenyewe kinajua lini kiziunganishe zichajiwe pamoja na lini kizitenganishe. Mimi nilitumia karibu mwaka mzima wa ujana wangu kuitafuta akili ya kile kiboksi, na nusura nimpotezee mtu kazi yake. Kwa hiyo kaeni kidogo. Sitawachelewesha, ingawa nikisema hivyo mke wangu huwa anachukua ndoo na kwenda kuchota maji.

Nilikuwa fundi umeme wa magari katika karakana ya idara moja pale Bukoba, miaka ile Uhuru ulipokuwa bado unanukia rangi mpya na kila mkutano ulikuwa wa ujamaa. Shule yangu iliishia darasa la nane, na hilo la nane lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Umeme nilifundishwa na koili ya plagi. Ukiishika vibaya inakurudishia mkono wako ukiwa na adabu.

Ndoto, lakini, nilikuwa nazo za kumwaga. Nilikuwa na daftari nililochora mitambo yangu: baiskeli ya kupanda mlima peke yake, mashine ya kumenya ndizi, taa ya kuwaka kwa moshi wa jikoni. Hakuna hata kimoja kilichofanya kazi, isipokuwa mashine ya kumenya, ambayo ilimenya kidole changu. Msimamizi wetu wa karakana, Mzee Salum, aliliita daftari lile kitabu cha sala. "Kila kilichomo humo," alisema, "kinamsubiri Mungu." Mzee Salum alikuwa Mwislamu wa mjini, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, lakini yeye alizaliwa Bukoba na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa akinitukana kwa lugha mbili bila kupandisha sauti.

Sasa, idara yetu ilikuwa na Landrova ya matangazo. Juu ya paa ilikuwa na tarumbeta mbili za kipaza sauti, kubwa kama masufuria ya msibani. Ndiyo iliyokuwa ikitangulia kila mahali: njooni kisomo cha watu wazima, chimbeni vyoo, pandeni kahawa kwa mstari, mkutano ni kesho. Dereva wake alikuwa Ta Fortunati wa Rwamishenye, mtu wa makamo, mrefu, mpole, mwenye kofia ya udereva aliyoivua mbele ya watu watatu tu: padri, mkewe na injini iliyokataa kuwaka. Kwetu mtu mzima unamwita Ta, na mama Ma, na yeye ningemwita Ta hata kama sheria ingekataza.

Shida ya gari lile ilikuwa moja. Kipaza sauti kilikunywa umeme kama bwana harusi anavyokunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na betri ilikuwa moja. Mkutano ukianza saa tatu asubuhi, ukaja na ngonjera, kwaya mbili na hotuba tano, kufika saa nane betri haina kitu, na injini haiwaki. Hendeli ya kuzungushia ilikuwepo, lakini betri ikikauka kabisa hendeli ni mazoezi ya viungo tu.

Nikasema: tufunge betri ya pili. Mzee Salum akasema: funga, lakini kwa akili. Nikasikia "funga".

Ya kwanza niliifunga chini ya kiti cha abiria, kwa sababu palikuwa na nafasi. Betri ikichajiwa inapumua, vijana, na pumzi yake ni tindikali. Mimi sikuiachia tundu la kupumulia nje. Afisa wetu wa usafirishaji, ambaye alipenda sana suruali za kaki zilizopigwa pasi zikasimama zenyewe, alikalia kiti kile kwa siku nne mfululizo. Siku ya tano alisimama jukwaani Kamachumu kuzungumzia usafi wa mwili, akageuka kuwaonyesha watu bango, na watu wakaona zaidi ya bango. Tangu siku ile betri zangu zote zikakaa ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko, na mrija wa kutolea pumzi chini ya gari. Na afisa yule, hata akipewa kiti kwenye harusi, alikuwa akikipapasa kwanza.

Baada ya hapo tatizo likawa muungano. Ukiziunganisha betri mbili moja kwa moja, zitachajiwa pamoja vizuri, lakini zitaishiwa pamoja vilevile. Umeongeza marafiki wa kulala njaa. Kinachotakiwa ni hiki: injini ikizunguka na dainamo ikitoa umeme, ziungane, injini ikizimwa, zitengane, kipaza sauti kitumie betri yake na kuiacha ya injini salama. Nilianza na swichi ya mkono, yenye mpini. Nikamwambia Ta Fortunati: "Ukiwasha, shusha. Ukizima, inua." Akaniitikia kwa heshima ya Kihaya, "Sawa, waitu." Akaifanya kazi hiyo miezi miwili bila kosa. Siku moja huko Muleba akasahau kuinua, kwa sababu kuna mtoto alikuwa amejificha chini ya gari na yeye akawa anamtafuta. Mkutano ulipokwisha, gari halikuwaka, wananchi wakalisukuma. Kikongwe mmoja akamwuliza afisa wetu kwa upole kabisa, "Mwanangu, mmetuambia tujitegemee. Hili lenu mbona linatutegemea sisi?"

Watu walicheka mpaka Bukoba. Ta Fortunati hakujitetea. Alikwenda mwenyewe kwa afisa akasema, "Nilisahau mpini." Kumbukeni kwamba alisema mwenyewe, maana baadaye jambo hili lilimgeukia.

Mimi nikaona nafasi yangu imefika. Nikaamua kutengeneza kitu ambacho hakitahitaji mtu kukumbuka. Rilei, kwa lugha yenu. Ndani kuna koili na ulimi wa chuma. Koili ikipata umeme wa dainamo inauvuta ulimi chini, nyaya mbili nene zinagusana, betri zinaungana. Dainamo ikinyamaza, springi inauinua ulimi, betri zinatengana. Zingatieni: umeme wa dainamo, si wa ufunguo. Mtu anaweza kuacha ufunguo umewashwa akiwa anaongea na shemeji yake, lakini dainamo haina shemeji. Hilo nililipata bila msaada, na mpaka leo nalidaia sifa.

Vipya havikuwepo madukani. Nikang'oa rilei ya honi kutoka lori lililokufa, nikasugua vigusio kwa msasa, nikakunja nyaya, nikaweka fyuzi karibu na kila betri. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea, nikakitengeneza kwa kopo la dawa ya viatu. Kitu kikafanya kazi. Tatizo likawa barabara. Siku zile kutoka Bukoba mpaka Muleba ilikuwa ni vumbi na vijituta kama mabati, gari linatetemeka kama lina homa, na springi ya rilei ilikuwa imechoka. Ulimi ukawa unarukaruka juu, tii-tii-tii, vigusio vinatoa cheche na kuungua. Ulihitaji kitu laini cha kuutuliza.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo fundi wa Dodoma au Tanga asingelifanya, kwa sababu asingekuwa nalo mkononi. Nilitoka nje ya karakana, nikaenda kwenye mgomba wa jirani, nikachana kipande cha ebyai, yale magamba makavu ya shina. Sisi tunafungia kwa ebyai kuni, mboga, kahawa ya kutafuna, paa la nyumba na maiti. Nikakikunja mara nne, nikakiweka kati ya ulimi na kifuniko cha kopo. Kikavu ni laini kama sufi. Ulimi ukatulia, springi ikaweza kuuinua bila shida, na mlio ukaisha. Nikamwita Mzee Salum.

Akatazama. "Hiki ni nini?"

"Ebyai, Mzee."

"Nimekiona. Nauliza kinafanya nini ndani ya mtambo wa umeme."

"Kinatuliza ulimi."

"Kwako kingefaa zaidi." Akajaribu mara tano, ikafanya kazi mara tano. Akaguna, akaondoka. Mimi nililihesabu lile guno kama cheti.

Miezi ya kiangazi Landrova ilizunguka mikutano sijui mingapi, na haikusukumwa hata mara moja. Nilianza kuota. Nilichora mfumo wangu kwa penseli nyekundu na ya bluu, nikaweka sahihi chini kama ya kwenye noti. Nilijiona nimeitwa Dar es Salaam kuwafundisha wahandisi, nao wameinama, na mimi nasema kwa unyenyekevu, "Ni jambo dogo tu." Nilikuwa nafanyia mazoezi hiyo "ni jambo dogo tu" nikioga.

Kisha mvua zikaanza. Kwetu mvua haibishi hodi, mnaijua.

Mkutano wa kwanza wa mvua ulikuwa Muleba. Gari halikuwaka, likasukumwa kwenye tope. Wiki ya pili, Muleba tena, mbele ya mgeni kutoka mkoani, gari halikuwaka, na mgeni mwenyewe akashuka kusukuma na viatu vyake vyeusi. Ta Fortunati akasema hakugusa kitu, alizima ufunguo, akakaa. Afisa akamwuliza, "Kama ule mpini?" Ta Fortunati akaanza kufuta tope kwenye taa za mbele.

Nikaagizwa nikague. Nilifungua boneti kesho yake karakanani, chini ya paa, baada ya gari kutembea njia nzima injini ikichemka. Washa: tik, zimeungana. Zima: tak, zimetengana. Nilirudia mara ishirini. Baada ya chai nikarudia mara ishirini nyingine, vilevile. Basi nikaketi, nikaandika ripoti kwa mwandiko wangu bora kabisa, herufi zimelala upande mmoja kama mchele uliopepetwa. Niliandika: "Mfumo ni mzima. Hitilafu imetokana na matumizi ya dereva." Nikaipiga mstari kwa rula.

Sikuiandika kwa chuki. Nilimpenda Ta Fortunati. Lakini nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza mle ndani ya kopo la dawa ya viatu, na mtu akikwambia mtoto wako mwizi, unamtazama jirani.

Ripoti ilifanya kazi haraka kuliko rilei. Ta Fortunati alinyang'anywa funguo. Wakati barua ya kumwachisha kazi ikisubiri kupelekwa mkoani Jumatatu, alipewa fyekeo akate majani kuzunguka ofisi. Mtu aliyeendesha miaka kumi na tisa bila kugonga hata kuku, anafyeka mbele ya dirisha la makarani, na kofia yake ya udereva ameivaa. Nilipita pale Ijumaa. Akaniamkia yeye kwanza. Nilijibu huku nikitazama majani.

Usiku ule sikuota Dar es Salaam. Asubuhi nikapata wazo jema, na mawazo yangu mema, kama mnavyoanza kuona, ni ya kuogopwa. Niliwaza: nikimshawishi akiri, aombe radhi, watamsamehe, kama walivyomsamehe ule mpini. Jumamosi mchana nikachukua sukari, robo kilo, iliyokuwa adimu kama mtume, nikapanda baiskeli kwenda Rwamishenye.

Nyumba yao ilikuwa ndani ya kibanja, migomba imefunika mpaka mlangoni. Ta Fortunati alinipokea kama vile nimeleta habari njema. Akanipa kahawa ya kutafuna, tukatafuna. Mkewe, Ma Domitila, alikuwa uani na vibuyu vya rubisi. Kulikuwa na ubatizo kwa jirani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kuhesabu.

Nikaanza kuzunguka. Nikasema kila mtu husahau. Nikasema hata watakatifu walisahau. Nikasema kukiri ni nusu ya kusamehewa.

Ta Fortunati akasema, "Deo, ule mpini nilisahau, nikasema nimesahau. Hili sikusahau. Sasa nikiri nini, waitu?"

"Kwamba labda ulishikashika."

"Sijui hata kinakaa wapi hicho kitu chako."

Ma Domitila akaita kutoka uani, "Fundi, umekuja na sukari kumsaidia mume wangu kusema uongo?"

"Hapana, Ma. Nimekuja kwa mapenzi."

"Mapenzi gani ya robo kilo." Lakini akasema nije nimshikie kibuyu, kama amekosa mtu wa maana.

Nikamshikia. Kibuyu kilikuwa kimejaa, na kizibo chake kilikuwa ni ebyai zilizosokotwa. Akakitia kizibo shingoni, kikawa kinacheza, kimelegea. Mimi, mtaalamu, nikamwambia, "Ma, hiki ni kidogo. Pombe itamwagika njiani."

Alichota maji kwa kiganja, akayamwagia juu ya kizibo, akaendelea na kibuyu kingine. Baada ya muda akasema, "Kitoe."

Nikavuta. Hakikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, nusura nianguke nacho.

"Kimefanya nini?" nikauliza.

Ma Domitila akanitazama kwa huruma ya kweli. "Wewe ni Mhaya wa wapi? Ebyai ikiwa kavu inalegea. Ikinywa maji inavimba, inabana. Hukutumwa pombe utotoni?"

Nilitumwa. Nilitumwa mara mia, kwa kibuyu cha namna hiyohiyo, na kizibo cha namna hiyohiyo. Nilikaa chini pale uani, kwenye maganda ya ndizi, na suruali yangu ya Jumamosi.

Naamini mmeshaelewa, ninyi mna akili kuliko mimi wakati ule. Rilei ilikuwa kwenye bati la ubavu ndani ya boneti, palepale gurudumu linaporushia maji. Siku ya mvua ebyai ilikunywa, ikavimba kati ya kopo na ulimi, ikaukandamiza ulimi chini. Vigusio vikaungana, dainamo itoe umeme isitoe. Kipaza sauti kikala betri zote mbili. Kisha gari linasukumwa, linarudi Bukoba, injini inachemka, ebyai inakauka, na kesho yake mtaalamu anakuja na kalamu na rula.

Ta Fortunati aliuliza, "Unaumwa?" Nikasema, "Ndiyo," nikapanda baiskeli bila kuaga. Nasikia Ma Domitila alisema sukari ibaki.

Karakana ilikuwa imefungwa, lakini Mzee Salum alikaa nyuma yake na alikuwa na ufunguo. Alikuja na kikombe cha kahawa mkononi, akakaa juu ya tairi, akanitazama nikifungua boneti. Niliunganisha taa ya majaribio, ya kuwaka betri zikiungana tu. Nikawasha injini: taa ikawaka. Nikazima: ikazimika. Nikachukua birika lake la kutawadhia, nikainyunyizia ile rilei kidogo kidogo, kama mtu anayemwogesha mtoto. Tukasubiri amalize kahawa. Nikawasha, nikazima. Taa ikaendelea kuwaka. Nikatoa ufunguo kabisa, nikaushika mkononi. Taa inawaka tu.

Mzee Salum alisema, "Fundi anayeipenda sana kazi yake asipewe kuikagua. Kosa hilo ni langu, nilikuachia."

"Hapana, Mzee, ni langu."

"Najua ni lako. Langu ni dogo." Akamwaga machicha ya kahawa. "Sasa. Unaweza kukitoa kigamba hicho leo, ukaweka mpira, gari likapona. Hakuna atakayejua. Au una mawazo mengine?"

Vijana, ningependa kuwaambia kwamba sikuwaza. Niliwaza. Niliwaza kwamba naweza kukitoa, kisha nikamwombea Ta Fortunati kimya kimya kwa mtu fulani. Niliwaza penseli nyekundu na bluu. Nilikaa kwenye bampa mpaka Mzee Salum akaenda kuswali alasiri akarudi, bado nimekaa.

"Nipe karatasi," nikasema.

Ripoti ya pili niliiandika palepale juu ya boneti, na mikono ilikuwa na grisi. Maneno nilikosea, nikakata, nikaandika juu. "Hitilafu imetokana na mimi. Dereva hakugusa. Niliweka gamba la mgomba, likanyeshewa." Rula sikuitafuta.

Jumatatu asubuhi nikasimama mbele ya afisa kabla barua haijaondoka. Dirishani niliona fyekeo likipanda na kushuka. Afisa alisoma karatasi mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi.

"Kwa hiyo mgeni wa mkoa alisukuma gari kwenye matope kwa sababu ya mgomba."

"Ndiyo, bwana."

"Na ile suruali yangu?"

"Ile ilikuwa tindikali, bwana. Hii ni nyingine."

Nadhani alikuwa anapigana na kicheko, na nadhani vilevile alikuwa anapigana na hasira, na sikujua nishangilie upande gani. Kisha akaichana ile barua. Akasema kuanzia leo fyekeo ni langu, kwa mwezi mzima, baada ya saa za kazi. Akasema kuna mkutano mwingine Muleba wiki ijayo, na gari lile likisukumwa tena, atatuondoa wote wawili, dereva na fundi, na hatasoma ripoti ya mtu.

Ta Fortunati aliitwa ndani, akapewa funguo. Nilimwomba radhi mbele ya afisa, kisha nje, kisha tena karibu na gari. Mara ya tatu akasema, "Basi, Deo, unanichosha." Lakini hakutabasamu. Alisema neno moja tu la zaidi: "Muleba twende wote. Utakaa mbele."

Wiki ile niliihamisha rilei kutoka kwenye boneti, nikaiweka ndani ya gari chini ya dashibodi, mahali pakavu. Niliweka kipande cha mpira wa ndani wa tairi badala ya gamba, baada ya kukilaza ndani ya maji siku mbili na kukipima. Nikabadilisha springi. Kila kitu nilichofunga, nilikimwagia maji nikakijaribu, mpaka Mzee Salum akaficha birika lake. Na huo ndio ufundi ninaowaachia, kama mnataka wa kuandika: mtambo usiupime pale unapopendeza, upime pale utakapoteseka.

Siku ya mkutano mvua ilianza tulipopita Kemondo. Nilikuwa nimekaa nimeshika magoti. Tulipofika Muleba alizima injini saa tatu, nikasikia tak chini ya dashibodi, kisha kipaza sauti kikaanza. Kwaya ziliimba. Ngonjera zilisomwa. Hotuba zilikuwa ndefu, na mzungumzaji wa mwisho alikuwa mtu wa kurudia. Mvua haikuacha hata dakika moja. Mpaka saa nane mimi nilikuwa nimeshatafuna kahawa yote niliyokuwa nayo, na maganda yake.

Mkutano ukafungwa. Vijana sita wa pale, wenye uzoefu, wakakunja suruali zao, wakaenda nyuma ya gari wakaweka mikono. Hakuna aliyewaita. Afisa alikuwa amesimama chini ya mwavuli, anatutazama. Ta Fortunati alivua kofia yake, akaiweka mapajani. Akazungusha ufunguo.

Injini iliwaka mara moja, kama siku ya kwanza kutoka kiwandani. Vijana wale sita wakaanguka kwa pamoja matopeni, kwa sababu walikuwa wameshaanza kusukuma.

Tuliuacha mji nyuma. Ta Fortunati akarudisha kofia kichwani, akairekebisha kwa kioo.

"Ile ripoti yako ya kwanza," akasema, "ilikuwa na mwandiko mzuri sana. Karani alinionyesha."

"Ndiyo, Ta."

"Ya pili mbaya. Imejaa grisi. Mengine hayasomeki."

"Ndiyo, Ta."

Alipunguza mwendo kwenye kona yenye utelezi, akaipita, akaongeza.

"Nilimwomba afisa anipe. Ma Domitila ameiweka kwenye sanduku, na cheti chetu cha ndoa."